Kuinasa Radikali Kabla Haijafa

Kikombe cha nyonga bandia, kile cha plastiki ambamo kichwa cha chuma huzungukia, kilikuwa kikifika chumba cha upasuaji kimefungwa vizuri, kimekwisha kuuliwa vijidudu, na tarehe imeandikwa juu ya pakiti. Baadhi ya vikombe vilikuwa vimelala stoo miaka kadhaa. Mtafiti alipokichukua kimojawapo, hata kile ambacho hakijawahi kuingia mwilini mwa mtu, akakikata vipande vyembamba kama karatasi na kuinua kipande kwenye mwanga, aliona utepe mweupe umepita milimita moja au mbili chini ya uso. Penye utepe huo plastiki ilikuwa imekuwa kavu na rahisi kukatika, ilhali katikati ya kikombe ilikuwa bado nzima. Hakuna jua lililokipiga wala mzigo uliokielemea. Kitu fulani kilikuwa kikiila plastiki hiyo kabatini, gizani.

Wanaoniuliza kipimo cha resonansi ya sumaku ya elektroni kina faida gani huwaeleza habari ya kikombe hiki, maana ndani yake unaiona kazi ya kipimo na mipaka yake kwa pamoja.

Plastiki yenyewe ni polithini, ndugu wa ile ya mifuko, ila minyororo yake ni mirefu kupita kiasi: uzito wa molekuli moja hufika milioni kadhaa. John Charnley, daktari bingwa wa mifupa wa Uingereza, alianza kuitumia kwa nyonga mwaka 1962, baada ya vikombe vyake vya Teflon kulika haraka ndani ya wagonjwa. Kwa miongo mingi iliyofuata, vikombe vya polithini vilitakaswa kwa mionzi ya gama ya kilogrei 25 hadi 40, pakiti ikiwa na hewa ya kawaida ndani. Vijidudu vilikufa. Lakini mionzi inayoua bakteria huvunja pia vifungo vya kaboni na hidrojeni, na kila kifungo kikivunjika huacha elektroni isiyo na mwenzake kwenye mnyororo. Hiyo ndiyo radikali.

Elektroni ni kisumaku kidogo mno. Katika plastiki, maji, mbao na karibu kila tunachokishika, elektroni hukaa mbili mbili, moja ikielekea huku na nyingine kule, na usumaku wake hufutana. Radikali haina wa kuifuta. Iweke ndani ya sumaku yenye nguvu ya takriban tesla 0.34, ipige kwa mikrowevu ya gigahetsi 9.5, nayo elektroni hiyo itanyonya nishati na kupinduka. Aliyeiona ishara hii kwanza ni Yevgeny Zavoisky, mjini Kazan mwaka 1944, Umoja wa Kisovieti ukiwa bado vitani. Jamaa yake, resonansi ya viini vya atomu, ndiyo iliyozaa picha za MRI tunazozijua hospitalini. Tofauti ni kwamba resonansi ya viini husikia karibu kila hidrojeni iliyomo, na hii ya elektroni haisikii chochote isipokuwa kilichobaki bila mwenzi. Ndiyo maana inaweza kuziona radikali chache zilizotawanyika kati ya mabilioni na mabilioni ya vifungo vizima.

Tena haisemi tu kwamba zipo. Viini vya hidrojeni vilivyo jirani na elektroni hiyo navyo ni visumaku, na kila kimoja huugawa mstari wake. Katika mnyororo wa polithini, kaboni yenye radikali imebaki na hidrojeni moja, na kaboni za pande zake mbili zina hidrojeni mbili mbili. Jumla ni tano, zinazovuta kwa nguvu zinazokaribiana, na tano huufanya mstari mmoja kuwa sita. Mchambuzi akiiona mistari sita anajua radikali imekaa katikati ya mnyororo, si kwenye ncha yake. Oksijeni ikiingia, mistari sita hufifia na mahali pake hutokea mchoro mmoja ulioegemea upande: sasa ni radikali ya peroksili, kaboni imekwisha kushikwa na oksijeni.

Kazi ya mikono katika kipimo hiki husahaulika sana, nami naiona ndiyo nusu ya ukweli wake. Sampuli huwekwa ndani ya mrija wa kwatsi, si wa kioo cha kawaida, kwa kuwa kioo cha kawaida huwa na chembe za chuma ambazo nazo hutoa ishara. Ila kwatsi ikipigwa gama pamoja na sampuli, hupata rangi ya moshi na ishara yake yenyewe, karibu kabisa na pale inapotafutwa radikali ya plastiki. Dawa yake ni ya fundi zaidi kuliko ya mwanafizikia. Unaigongagonga sampuli ihamie ncha moja ya mrija. Ncha ya pili unaichoma kwa moto mkali hadi rangi ya moshi ipotee, huku ile yenye sampuli ukiwa umeiweka kwenye baridi. Mrija ukishapoa unaugeuza, na sampuli inateremka upande uliosafishwa. Anayeiruka hatua hiyo anaweza kuhesabu radikali za mrija akidhani ni za plastiki.

Kwa njia hiyo siri ya kabatini ilianza kufunguka. Karibu nusu ya polithini hii ni fuwele, minyororo imepangika kama fito za ukuta, na sehemu iliyobaki ni mvurugo. Radikali zilizozaliwa kwenye mvurugo hukutana na kuungana upesi. Zilizozaliwa ndani ya fuwele zimefungwa: haziwezi kukutana, na oksijeni hupenya humo kwa shida. Hukaa miezi, hukaa miaka, zikisogea polepole kwenye mnyororo hadi mpakani, ambako oksijeni inazingoja. Hapo hugeuka peroksili, na peroksili hunyakua hidrojeni ya mnyororo wa jirani na kuuachia radikali mpya. Aliyeibiwa naye huenda kuiba. Mabaki ya kila wizi huvunjika baadaye na kuikata minyororo, na polithini yenye minyororo iliyokatika ndiyo ule utepe mweupe.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 tiba ilikuja kwa njia inayoshangaza: watengenezaji waliongeza mionzi, hadi kilogrei 50 na hata 100. Radikali nyingi zikikutana, minyororo hufungamana, na plastiki iliyofungamana hailiki haraka. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa wagonjwa, kwani unga unaotoka kwenye kikombe kinacholika huufanya mfupa unaokizunguka umomonyoke. Ila fuwele sasa zilikuwa na wafungwa wengi kuliko awali. Wengine waliipasha plastiki joto hadi iyeyuke, kama nyuzi 150, fuwele zivunjike na radikali zote zitoke zikutane. Wengine waliipasha bila kuifikisha kuyeyuka, kwa sababu plastiki iliyoyeyushwa ikaganda upya hupungukiwa fuwele na huchoka mapema inapopigwa mara kwa mara. Baadaye wakaja waliochanganya vitamini E, ambayo huipa radikali hidrojeni na kuikatisha mbio zake.

Mwamuzi kati ya makundi haya alikuwa mashine ya sumaku. Vikombe vilivyopashwa tu vilionyesha radikali zilizobaki. Vilivyoyeyushwa vilionyesha mstari mnyoofu. Hapo pana neno ambalo naomba msomaji alishike: mstari mnyoofu maana yake ni kwamba radikali ni chache kuliko mashine inavyoweza kuhesabu, siku ile, kwenye kipande kile. Ripoti ya maabara ikisema "hazionekani", wauzaji huisoma "hazipo".

Kipimo hikihiki hutumika pia kwenye vichocheo, vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali, ila huko taabu hugeuka. Kwenye plastiki radikali ilikataa kufa. Huku inakufa kabla hujaigeukia. Mwaka 1982 George Keller na Madan Bhasin wa Marekani walitangaza kwamba methani, gesi kuu ya gesi asilia, inaweza kuunganishwa moja kwa moja na kuwa ethileni juu ya oksidi za metali zenye moto mkali. Swali likawa muungano huo hufanyika wapi: juu ya uso wa kichocheo, au hewani baada ya uso kuinyang'anya methani hidrojeni moja na kuiachilia radikali ya methili iende? Radikali ya methili ndani ya gesi yenye moto huishi sehemu ndogo mno ya sekunde. Huwezi kuitia kwenye mrija na kuupeleka mrija kwenye sumaku.

Jack Lunsford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M waliigandisha. Methani, oksijeni na argoni zilipitishwa kwa shinikizo dogo sana juu ya unga wa oksidi ya magnesi wenye moto wa nyuzi 500 na zaidi. Gesi iliyotoka ilipulizwa ikagonga fimbo ya yakuti iliyopozwa hadi karibu Kelvini 15, yaani nyuzi 258 chini ya sifuri. Hapo argoni huganda kama barafu, na kila radikali iliyokuwa njiani hufungiwa ndani yake bila mwenzi wa kuungana naye. Fimbo ikaingizwa kwenye sumaku. Ilitokea mistari minne, urefu wake kwa uwiano wa 1:3:3:1, ikiachana kwa militesla 2.3. Hidrojeni tatu zilizo sawa kwenye kaboni moja: methili, bila shaka yoyote. Matokeo hayo ya mwaka 1985 yalionyesha kwamba uso wa kichocheo huzaa radikali na kuziachia gesi, na huko kwenye gesi ndiko zinakoungana kuwa ethani.

Hadi leo sijaona jaribio la vichocheo linalonipendeza kuliko hili.

Walipotia lithi, radikali ziliongezeka, nao wakataka kujua ni kitu gani usoni kinachoinyang'anya methani hidrojeni. Waliipoza ghafla oksidi ya magnesi yenye lithi wakaipima yenyewe, wakaona ishara ya oksijeni iliyopungukiwa elektroni moja, ikikaa jirani na lithi. Wingi wa ishara hiyo uliendana na wingi wa methili, wakahitimisha kwamba hiyo ndiyo sehemu inayofanya kazi. Kwa miaka 20 na zaidi vitabu viliandika hivyo. Kisha, karibu mwaka 2010, watafiti wa Berlin waliitengeneza upya oksidi hiyo na kuipima kwa kipimo kilekile; kwenye unga wao hawakuikuta ishara hiyo. Walionyesha pia kwamba lithi huvukiza na kupotea kichocheo kikiwa kazini. Methili ya Lunsford imesimama imara, maana ilinaswa ikiwa njiani. Hitimisho kuhusu oksijeni jirani na lithi ndilo lililoyumba, kwa kuwa lilitegemea kichocheo kilichokwisha kupoa.

Na vile vikombe vilivyoyeyushwa, vyenye mstari mnyoofu? Vilipoanza kutolewa kwa wagonjwa baada ya miaka kadhaa, baadhi vilikutwa vimeanza kuoksidika. Mafuta ya mwili yalikuwa yamepenya ndani ya plastiki, na nyonga ilikuwa imebeba uzito wa mtu hatua kwa hatua, mamilioni ya hatua. Radikali za kiwandani zilikuwa hazionekani kweli. Watafiti wanashuku kwamba hizi mpya zilizaliwa mwilini.