Resori ya Baba Mkubwa na Sheria Isiyo na Mlango

Wandugu wasomi, leo sikosoi kitabu. Nakosoa sheria, maana nayo ni maandishi. Maandishi yakishindwa kueleweka na yule aliyeandikiwa, tuko na haki ya kusema.

Baba mkubwa wangu hapa Mutarule ana bunduki ya kuwinda, ile kalibre 12 aliyoachiwa na babu. Karatasi yake ilipotea tulipokimbia vita mwaka 1996. Kazi ya bunduki ni moja tu: kufukuza nyani na nguruwe pori kwenye mahindi. Mwaka jana resori inayosukuma nyundo ikakatika. Akanifuata: "Mutoto, weye njo ulisoma sheria. Nikinunua resori, niko na kosa ao hapana?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Hiyo kesho ikawa miezi mitatu.

Nilianza na ordonnance-loi 85-035 juu ya silaha na risasi, halafu 85-212 ya kuitekeleza, zote mbili za tarehe 3 Septemba 1985. Angalia tarehe hiyo vizuri. Nchi ilikuwa inaitwa Zaire, mawaziri walikuwa makomisa wa serikali, na Kivu ya Kusini haikuwepo: mpaka 1988 tulikuwa Kivu moja. Kwa hiyo raia wa leo anasoma sheria ya nchi yenye jina lingine, vyeo vingine na mipaka mingine, halafu abahatishe mwenyewe mlango upi wa leo umerithi mlango wa zamani. Juu yake kuna sheria ya uwindaji, 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, yenye vibali vyake. Karatasi ya kuwa na bunduki ni jambo moja, ya kuwinda ni lingine. Mkulima gani anajua hayo?

Na kile kipande chenyewe? Mwaka 2010 nchi za Afrika ya Kati zilikutana hapa kwetu, Kinshasa, zikapitisha mkataba wa kudhibiti silaha ndogo na nyepesi. Ulianza kufanya kazi 2017. Jina lake refu linataja pia vipande vyote vinavyoweza kutumika kutengeneza, kukarabati na kuunganisha silaha. Tuseme ukweli: wazo hilo si la kijinga. Mtu akiingiza mitutu leo, resori kesho na kitako keshokutwa, mwishoni amejaza chumba bunduki. Sisi wa bonde la Ruzizi tunajua nini hutoka kwenye chumba kama hicho.

Kosa langu na sheria liko pengine. Imejenga ukuta mzuri, ikasahau mlango. Niliingia ofisi moja, wakaniambia niende Bukavu. Ofisi ya pili wakasema hayo ni ya Kinshasa. Ya tatu hawakujibu kitu. Waliniuliza tu huyo mzee anakaa wapi. Hapo nikaaga haraka. Yaani aliyeuliza ndiye alionekana mshukiwa.

Sasa weka hayo kando ya barabara yetu. Katiba ya 2006, kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda wanamgambo. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya jeshi la akiba la ulinzi, na vijana wa Wazalendo wakaanza kutajwa humo. Mzee mwenye kalibre 12 anaona kijana anapita na kalashi hadharani, wanasalimiana naye. Yeye mwenyewe akinunua kachuma kama kidole, anaogopa kulala lokapi. Unafikiri ataheshimu sheria ipi?

Rafiki mmoja tuliyesoma naye ananipinga: "Ukifungua mlango, bunduki zitajaa." Namwelewa. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 tuliuawa hapa Mutarule, watu zaidi ya thelathini, wengine wakiwa kanisani, huku wanajeshi wetu na wale wa Umoja wa Mataifa wakiwa karibu. Tangu hapo kuna wanaosema kila nyumba iwe na bunduki. Mimi sisemi hivyo. Ila bunduki zimejaa tayari, na hazikupitia mlango wowote. Sheria isiyoeleweka haimkamati anayezificha. Inamkamata anayekuja kuuliza.

Ninachotaka ni kidogo. Katiba hiyo hiyo inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Basi tupewe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe kwa kila chifu wa lokalite: nani anaruhusiwa, ofisi gani, bei gani, siku ngapi, na mtu akitaka kurudisha bunduki ya babu, ni nani atampokea bila kumfunga. Hilo la mwisho ndilo Baba mkubwa aliuliza mara ya pili, na hilo pia nilishindwa kulijibu.

Bunduki imefungwa ndani ya gunia, chini ya kitanda. Haitengenezwi, hairudishwi. Usiku mzee anapiga debe shambani mpaka sauti inakauka. Sisi tuliosoma sheria, tusingoje Kinshasa: tuanze kuandika huo ukurasa. Nani yuko tayari tushirikiane?