Mkazo wa Neno na Mpigo wa Wimbo: Uhakiki wa Nyimbo za Kwaya za Kiswahili

UTANGULIZI

Kwa muda mrefu wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamebishana juu ya vina na mizani. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, swali la nini kinachostahili kuitwa shairi limejaza kurasa nyingi. Ajabu ni kwamba mabishano hayo yaliuacha nje utungo ambao watu wengi wa Kenya na Tanzania huutamka kila juma, nao ni wimbo wa kwaya. Karani wa ofisini, mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa gereji na mama auzaye mboga sokoni huenda wasisome diwani hata moja mpaka mwisho wa maisha yao, lakini wanazijua kwa ghibu beti kadha wa kadha za Kiswahili walizojifunza kwaya. Kwa wengi wao, hasa katika sehemu za bara ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, huo ndio ushairi wa Kiswahili waujuao.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki wimbo huo kama kazi ya fasihi. Katika makanisa yetu pana ubishi wa ladha ambao haujakoma: wako wapendao nyimbo za kitabu zilizoletwa na wamisionari, na wako wapendao nyimbo za ngoma, kayamba, gitaa na kinanda cha umeme. Tutajaribu kuonyesha kwamba ubishi huo umesimama mahali pasipofaa. Ubora wa wimbo wa Kiswahili hautegemei chombo unachoimbiwa wala asili ya lahani yake. Kwanza kabisa unategemea kama mpigo wa muziki unaangukia pale mkazo wa neno ulipo.

MKAZO NA MPAKA WA NENO

Ni jambo linalojulikana kwamba neno la Kiswahili hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno yanayokwenda kinyume ni machache, na aghalabu ni ya asili ya kigeni, kama vile barabara yenye maana ya sawasawa, ambayo hutofautishwa na barabara ya magari kwa mkazo peke yake. Kwa kuwa jozi za namna hii ni haba, baadhi ya watu hudhani kwamba mkazo hauna kazi kubwa katika Kiswahili, na kwamba mtunzi akikosea hapo hapana kinachoharibika.

Dhana hiyo si sahihi. Kazi kubwa ya mkazo katika lugha yetu ni kulionyesha sikio mahali neno linapokwisha. Asikiaye silabi yenye nguvu hutarajia silabi moja tu dhaifu, kisha neno jipya. Tuchukue mfano tuliojitungia wenyewe, usiotoka katika kitabu chochote: “Leo tunakuja kwako.” Mstari huu una mizani nane. Ukiimbwa kwa lahani inayopiga silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, kila neno hubaki salama. Sasa uimbe kwa lahani inayopiga silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Nguvu itaangukia o, na, ja na ko. Sikio, likifuata kawaida yake, litaunganisha silabi upya na kupata “otu”, “naku” na “jakwa”, maneno ambayo hayamo katika Kiswahili. Mizani imetimia bila upungufu, na hata hivyo maneno yamevunjika.

Basi kuhesabu silabi peke yake hakutoshi. Sheikh Amri Abedi mwenyewe alishikilia kwamba shairi sharti liimbike, wala hakuridhika na shairi linalohesabika tu.

NYIMBO ZA KITABU

Tukivigeukia vitabu vya nyimbo vilivyotumika sana Afrika Mashariki, kama Nyimbo za Injili, Tenzi za Rohoni na Nyimbo za Kristo, tunakuta kazi kubwa ya tafsiri. Watafsiri walipokea lahani za Ulaya na Marekani zikiwa tayari na wakatafuta maneno ya Kiswahili ya kuzijaza. Walizihesabu silabi kwa uangalifu, na kwa hilo wanastahili sifa. Lakini lahani hizo zilitungwa kwa ajili ya lugha nyingine. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, na mstari wake unaweza kumalizika kwa silabi yenye nguvu bila taabu. Mstari wa Kiswahili, isipokuwa mara chache unapomalizika kwa neno la silabi moja, lazima umalizike kwa silabi dhaifu.

Mfano mashuhuri ni wimbo wa John Newton juu ya neema, uliochapishwa mwaka 1779. Mistari yake ina silabi nane na sita kwa zamu, na mpigo huanza katika silabi ya pili. Maana yake ni kwamba mstari wa nane hupigwa katika silabi ya nane, na wa sita katika silabi ya sita. Tafsiri yoyote ya Kiswahili ya wimbo wa kipimo hicho, hata ikiwa na lugha nzuri namna gani, italazimika kupiga silabi ya mwisho ya mstari, mahali ambapo Kiswahili hakipigi kamwe. Kosa hapa si la mtafsiri bali ni la ndoa yenyewe.

Linganisha na wimbo wa Joseph Scriven wa mwaka 1855 juu ya urafiki wa Yesu, uliotiwa lahani na Charles Converse mwaka 1868. Huu una silabi nane na saba kwa zamu, na mpigo huanza katika silabi ya kwanza. Mstari wa nane humalizika kwa silabi dhaifu, kama Kiswahili kinavyotaka. Mstari wa saba, kwa kuwa ni witiri, humalizika kwa nguvu na kurudisha tatizo lile lile. Hata hivyo nusu ya mistari imepona. Twaamini kwamba hii ni sababu mojawapo, ingawa si ya pekee, ya nyimbo za kipimo hiki kukaa vizuri midomoni mwa watu wetu.

Inafaa pia kuangalia jina Tenzi za Rohoni. Utenzi kwa maana yake ya jadi una ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani nane, na kina cha mwisho kinachopita katika beti zote. Nyimbo za kitabu hicho hazifuati kipimo hicho. Zimelichukua jina la bahari ya Kiswahili bila kuichukua bahari yenyewe. Hatusemi hivyo kwa kulaumu. Twaonyesha tu kwamba palikuwa na kipimo cha wenyeji chenye mizani ya shufwa, ambacho kingaliweza kuwafaa watunzi wa nyimbo za dini tangu mwanzo.

Huenda msomaji akapinga kwamba hata waimbaji wa tenzi na mashairi huivuta silabi ya mwisho ili kina kisikike. Ni kweli. Lakini kuvuta si kupiga. Mghani wa utenzi huikaza silabi ya pili kutoka mwisho, kisha huiachia ya mwisho irefuke. Neno huwa limekwisha kutambulika kabla ya sauti kurefushwa. Katika wimbo wa kutafsiriwa mpigo huja mwishoni kwa kishindo, na silabi iliyostahili mkazo hupitwa.

NYIMBO ZA KAZI KAMA KIPIMO

Yafaa tujiulize ni wapi Kiswahili kilijifunza kuoanisha neno na mpigo. Jibu moja limo katika nyimbo za kazi: wawe za wakulima, kimai za mabaharia, na nyimbo za watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Hapo mpigo hautoki katika karatasi. Hutoka katika mwili unaofanya kazi, na neno halina budi kuangukia pale nguvu inapotakiwa. Ukelele wa harambee, ambao Jomo Kenyatta aliufanya kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, ni ushahidi mzuri. Silabi “mbe” ndiyo yenye mkazo, na ndiyo inayokusanya nguvu za wavutaji. Atakayeukaza mwanzoni atavuta peke yake.

Tumeleta mfano huu kwa sababu mwimbaji wa kwaya ni mfanyakazi. Mazoezi hufanyika jioni, watu watokapo kazini. Mmoja amechelewa kwa sababu ya zamu, mwingine hakulipwa mwisho wa mwezi, mwingine amepandishwa cheo na ana furaha ya kuimba kupita wote. Mwalimu wa kwaya huwafundisha kwa solfa, mfumo ulioenezwa na John Curwen katika Uingereza ya karne ya 19. Sauti nne hujifunza nota kila moja peke yake, na maneno hutiwa baadaye. Mfumo huu umetufaa sana, kwani umewawezesha watu wasio na piano wala fedha za kununulia vitabu kuimba nyimbo ngumu. Lakini una hatari yake. Neno huingia likiwa mgeni katika nyumba iliyokwisha kujengwa, na likikosa nafasi hukunjwa. Mwimbaji aliyechoka kwa kazi ya kutwa hulishika kwa shida neno lililokunjwa, na akilishika hulitamka bila kulifikiri.

Jambo jingine la kuhakikiwa ni maudhui. Katika nyimbo nyingi za tafsiri, kazi itajwayo ni ya mchungaji wa kondoo, ya mvunaji au ya nahodha wa merikebu. Ajira, ujira, na hofu ya kuachishwa kazi ni mambo waimbaji wanayokuja nayo mazoezini, lakini hayana msamiati katika kitabu. Watunzi wa dansi waliyaona maisha hayo mapema. Fundi Konde na Daudi Kabaka walitunga maneno ya Kiswahili pamoja na lahani zake, na msikilizaji hapati taabu kujua neno limeanzia wapi.

NGOMA NA GITAA

Wapenzi wa mtindo mpya wasidhani kwamba hoja yetu inawaunga mkono moja kwa moja. Ngoma haifanyi wimbo kuwa wa Kiafrika. Misa Luba, iliyoandaliwa na Padre Guido Haazen huko Kamina, Katanga, na kurekodiwa mwaka 1958, iliushangaza ulimwengu kwa midundo yake, lakini maneno yake yalibaki Kilatini. Tatizo la neno la Kiswahili halikuguswa. Mlango ulifunguliwa tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati juu ya liturujia iliyoruhusu lugha za wenyeji na kuheshimu muziki wao. Tangu hapo pametungwa nyimbo nyingi, nzuri na mbaya. Zile mbaya zina kosa lile lile la zamani katika vazi jipya: mtunzi amechukua mpigo wa gitaa uliokwisha kuzoeleka, kisha akausukumizia maneno.

Zile nzuri zina sifa moja, kwamba neno na lahani vimetoka katika ulimi mmoja au katika ndimi za jamaa. Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Tanzania, alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka uitwao “Mfurahini, Haleluya” kwa lahani ya Kihaya. Howard Olson aliutafsiri kwa Kiingereza, nao ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya ng’ambo. Safari hii ni Kiingereza kilichopaswa kujikunja. Vivyo hivyo wimbo wa taifa wa Kenya, ambao kwa maudhui ni sala, ulitayarishwa mwaka 1963 na jopo la Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na jopo halikulazimika kwenda mbali kutafuta lahani inayolipokea neno letu.

HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba mgawanyiko wa wapenzi wa kitabu na wapenzi wa ngoma hautusaidii kuupima wimbo. Katika kila upande zimo nyimbo zinazolitunza neno na zimo zinazolivunja. Mhakiki anayo kazi ya kuzitenga kwa kutumia kipimo cha lugha yenyewe.

Yako mambo matatu yanayoweza kufanywa bila gharama kubwa. Kwanza, idara zetu za lugha ziandike na kuhifadhi tungo za walimu wa kwaya, pamoja na majina yao na miaka ya utunzi, kwani nyingi zimo katika madaftari yanayochakaa. Pili, waamuzi wa mashindano, pamoja na wale wa Tamasha la Muziki la Kenya lililoanza mwaka 1927, watoe alama kwa uoanishaji wa mkazo na mpigo kama watoavyo kwa ulinganifu wa sauti. Tatu, mwalimu wa kwaya ayasomeshe maneno kwanza, kwa mwendo wa kawaida wa usemi, ndipo afundishe nota. Hili la tatu linaweza kuanza katika mazoezi ya juma hili. Waimbaji wataona wenyewe ni mistari gani inayowakalia vyema na ni ipi ya kurekebishwa, nao ndio wenye haki ya kuamua, maana baada ya kutwa nzima ya kazi ni wao wanaotoa pumzi zao kuiimba.