Kisa Kwanza: Msuko wa Ngano katika Filamu za Kisasa

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili shuleni, msuko ni mwana wa kambo. Maudhui hutengewa kurasa nyingi katika miongozo, wahusika hufuata, kisha mbinu za lugha. Msuko nao hupewa muhtasari mfupi, kana kwamba kazi yake ni kumkumbusha mwanafunzi nani alifanya nini kabla hajaingia kwenye mambo yenyewe. Matokeo yake tunayajua sote tunaofundisha. Mtahiniwa anaweza kuorodhesha maudhui kumi ya riwaya teule, kuanzia ufisadi hadi nafasi ya mwanamke, lakini akiulizwa kwa nini tukio la sura ya nne lilifuata lile la sura ya tatu, anabaki kukodoa macho. Mwanafunzi huyo huyo, akitazama filamu Jumamosi, atawasimulia wenzake Jumapili bila kuruka kiungo hata kimoja.

Makala haya yananuia kuchunguza siri ya filamu hizo. Ninadai kwamba zile zinazoshika hadhira kwa nguvu zaidi, hata katika zama hizi za picha zinazoundwa kwa kompyuta, ni zile zinazosimulia kwa njia ya kale, njia ya ngano: mtu anataka jambo, anawekewa kizuizi, anaweka sharti, analipa gharama. Ninadai vilevile kwamba mwalimu wa fasihi hana sababu ya kuionea haya njia hiyo.

Tuanze na tofauti ambayo E. M. Forster aliifafanua mwaka 1927, na ambayo Aristotle alikuwa ameigusa karne nyingi kabla yake. Hadithi ni matukio yaliyopangwa kwa wakati. Msuko ni matukio yaliyofungwa kwa sababu. Kwa lugha ya darasani, hadithi huunganishwa kwa neno "kisha", msuko huunganishwa kwa "kwa hivyo". Tofauti ni ndogo kwa sura, lakini ndiyo inayotenganisha riwaya inayosomwa hadi usiku wa manane na ile inayowekwa chini ili msomaji akatafute mwongozo.

Mfano ninaopendelea ni filamu ya Kihindi iitwayo Lagaan, iliyoongozwa na Ashutosh Gowariker na kutolewa mwaka 2001. Inakaribia saa nne. Lugha yake ni ya Kihindi, na mchezo ulio katika kitovu chake ni kriketi, ambao wanafunzi wengi wa shule za mashambani humu nchini hawajapata kuuona ukichezwa. Kwa vigezo vyote, darasa la Kidato cha Tatu lingepaswa kusinzia. Halisinzii. Nimeionyesha mara kadhaa, kwa awamu tatu za Jumamosi, na kila awamu ilipokatizwa kulizuka malalamiko.

Tazama jinsi mnyororo unavyoshikana. Ni mwaka 1893, katika kijiji cha Champaner, chini ya utawala wa Waingereza. Mvua imekataa kunyesha. Kapteni Russell anataka mfalme wa eneo hilo, ambaye hali nyama, ale nyama mbele yake. Mfalme anakataa, kwa hivyo Russell anaamuru kodi ya wanakijiji iongezwe maradufu. Wanakijiji hawana nafaka za kulipa, kwa hivyo wanakwenda kumsihi mfalme. Wanamkuta kwenye mechi ya kriketi, kwa hivyo kijana Bhuvan anauona mchezo huo na kuudharau. Russell anaudhika, kwa hivyo anatoa sharti: wakiwashinda Waingereza kwa mchezo huo, kodi itafutwa kwa miaka mitatu; wakishindwa, watalipa mara tatu. Bhuvan anakubali bila kuwauliza wenzake, kwa hivyo anarudi kijijini akiwa adui wa watu aliotaka kuwatetea. Ondoa pete moja na mnyororo wote unaanguka. Hapajatolewa hotuba ndefu kuhusu ukoloni, ilhali mtazamaji ameshaelewa ukoloni ni nini: ni hali ambapo kiburi cha mtu mmoja kuhusu kipande cha nyama kinageuka kuwa njaa ya kijiji kizima.

Yeyote aliyefundisha fasihi simulizi atatambua sharti hilo. Ndilo sharti la ngano: usigeuke nyuma, usikifungue chumba kile. Hutolewa mapema na kwa maneno machache, na tangu hapo hadhira haihitaji kuambiwa kwa nini iwe na wasiwasi. Vladimir Propp, aliyechunguza ngano za Kirusi katika kitabu chake cha mwaka 1928, alibainisha majukumu 31 yanayojirudia na kuwagawa wahusika katika makundi saba kwa kazi wanazozitenda. Lagaan ingempendeza. Yupo shujaa, yupo hasimu, yupo msaidizi kutoka upande wa adui, yaani Elizabeth, dada yake Russell, anayewafundisha wanakijiji sheria za mchezo. Yupo pia msaliti, Lakha, ambaye wivu wa mapenzi unamsukuma kujiunga na timu ili aihujumu.

Lakini kiungo kilicho bora kuliko vyote ni Kachra. Huyu ni mtu wa tabaka linaloitwa najisi, asiyegusika, na mkono wake mmoja umelemaa. Kwa bahati mpira unamfikia, anaurudisha kwa mkono huo, na mpira ukidunda unajisokota kwa namna ambayo hakuna mpigaji atakayeitabiri. Bhuvan anamtaka timuni. Wenzake wanakataa kata kata kucheza na mtu wa aina hiyo. Ni kweli kwamba Bhuvan anawahutubia, na hotuba yenyewe ni ndefu kidogo. Hata hivyo kinachowaweka wanakijiji njia panda ni hesabu ya mechi. Bila Kachra watashindwa. Wakishindwa watalipa kodi mara tatu. Kwa hivyo gharama ya ubaguzi wao sasa inaweza kupimwa kwa magunia. Hapa ndipo maudhui yanapozaliwa na msuko, wala hayakubandikwa juu yake. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba "filamu inashughulikia ubaguzi wa kitabaka" hajasema lolote. Anayeonyesha kwamba ubaguzi umewekwa njiani hasa mahali ambapo ushindi unapaswa kupita, huyo amehakiki.

Mtunzi anajua pia kuchelewesha. Mechi inapoanza, Kachra anarusha mpira nao haujisokoti. Mpira ni mpya. Darasa langu lilinyamaza kimya, hadi msichana mmoja wa safu ya nyuma aliposema, "Mwalimu, mpira ukichakaa utaanza." Ulichakaa siku ya pili ya mechi, na wapigaji watatu wakatolewa mmoja baada ya mwingine. Msichana yule hakujua kriketi. Alijua kwamba silaha iliyoonyeshwa kwa uangalifu vile haiwezi kuachwa bila kutumika. Taharuki basi haitokani na kuficha mambo, kama miongozo mingi inavyodokeza. Aghalabu hutokana na kumpa msikilizaji maarifa ya kutosha ili ahofie jambo lililo sahihi.

Top Gun: Maverick ya mwaka 2022, iliyotolewa miaka 36 baada ya filamu ya kwanza, inafanya hivyo hivyo. Marubani wanaelezwa mapema jinsi watakavyopita bondeni chini ya mitambo ya adui, dakika mbili na nusu tu, kisha kupanda mlima ghafla, kulenga shabaha, na kupanda tena. Wanajaribu na kushindwa mbele yetu mara kadhaa. Operesheni yenyewe inapofika, hakuna anayehitaji kueleza kitu. Kila mtazamaji anahesabu sekunde mwenyewe. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni moja, na wachambuzi wengi waliisifu kwa ukale wake. Ila nina shaka nayo moja. Adui katika filamu hiyo hana jina, hana nchi, na uso wake umefunikwa kwa kofia ya rubani. Katika ngano tunalikubali zimwi lisilo na kwao, kwani zimwi ni zimwi. Rubani wa ndege ya kivita si zimwi, ni mtoto wa mtu. Msuko uliokazwa vizuri unaweza kutukimbiza kwa kasi mno hadi tusiulize aliyekufa ni nani. Hili ndilo shtaka zito dhidi ya usimulizi wa aina hii, na mwalimu asilifiche. Hata Russell wa Lagaan ni mhusika bapa; uovu wake hauna historia. Na penzi la kimya la Elizabeth kwa Bhuvan halina kazi kubwa kimsuko, liking'olewa mechi itaendelea vilevile.

Kuhusu sadfa, miongozo huitaja kama mbinu moja miongoni mwa nyingi, mtahiniwa akaiorodhesha na kusonga mbele. Ni vyema tumfundishe kuuliza sadfa hiyo inamfanyia nini shujaa. Sadfa inayomtumbukiza shujaa taabani hadhira huipokea bila kinyongo. Sadfa inayomwokoa huipokea kwa shingo upande. Mwishoni mwa Lagaan mpira wa mwisho unatangazwa kuwa batili, kwa hivyo Bhuvan anapata nafasi moja zaidi, anaupiga, na Russell anaudaka akiwa amekanyaga nje ya mpaka. Mwokozi ni bahati, hapana ubishi. Hata hivyo sheria zenyewe zilikwisha kuelezwa, na aliyekanyaga nje ni yule yule ambaye kiburi chake kilianzisha kisa. Linganisha na namna Umulkheri na nduguye Dick wanavyokutana tena katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Msomaji anafurahi kwa ajili yao, lakini je, msuko ulikuwa umeilipia furaha hiyo? Ninavyoona mimi, haukuilipia yote. Mwalimu mwingine ataona tofauti, na mjadala wa aina hiyo ungelifaa darasa kuliko orodha ya mbinu ishirini.

Huku kwetu mfano ulio karibu ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwas ni kijana wa mashambani anayetaka kuwa mwigizaji. Anawasili Nairobi, anaporwa siku ya kwanza, anatupwa korokoroni, na humo anakutana na Oti, kiongozi wa genge. Genge linamlisha na kumhifadhi, kwa hivyo anaiba. Jukwaa la maonyesho nalo linamwita, kwa hivyo anaishi maisha mawili, na kila moja linazidi kulidai lingine. Ni ngano ya kijana aliyeondoka kwao kwenda kutafuta, isipokuwa mji ndio zimwi, na zimwi hili lina jina na anwani. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alituzwa kama mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo. Kinachonivutia zaidi ni kazi anayoifanya Mwas mwanzoni. Anauza kanda za filamu za kigeni kwa kuwaigizia wapita njia vipande vyake. Ni fanani. Bidhaa yake ni kisa.

Jambo hilo halikubuniwa na mwandishi wa filamu. DJ Afro amejipatia jina kote nchini kwa kusimulia filamu za Marekani, Uchina na India kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Wapo wanaomshutumu kwa kuharibu lugha, na sitaingilia kesi hiyo. Anachofanya kifasihi ni kuirudisha filamu katika hali ya ngano. Anampa shujaa jina la mtaani, anaruka mazungumzo yasiyosogeza kisa, anaeleza sababu pale picha ilipoificha, na anaizungumzia hadhira moja kwa moja. Vibanda vya video vilijaa watu ambao hawakuelewa Kiingereza cha filamu lakini walielewa msuko wake barabara.

Huenda mhakiki akapinga kwamba fasihi pevu ilishaupita msuko wa aina hii. Atataja Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi, ambamo wakati na mahali vimevurugwa kwa makusudi. Sipingi ukuu wake. Lakini hata Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, inayovunja kaida nyingi, inasimama juu ya safari, na safari ndio msuko mkongwe kuliko yote. Siku Njema ya Ken Walibora nayo ilipendwa na vizazi vya wanafunzi wasiokuwa na mtihani nayo tena, na sidhani kilichowavuta ni orodha ya maudhui. Ni kijana anayetoka Tanga kwenda Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Msomaji alitaka kujua kama atampata.

Kwa hivyo kazi ninayowapa wanafunzi wangu kabla hatujagusa maudhui ni hii. Waandike msuko wa sura tatu za kwanza za kitabu teule, iwe Nguu za Jadi au kingine, bila kutumia neno "kisha" hata mara moja, bali "kwa hivyo" au "lakini". Mahali watakapokwama, tunasimama. Pengine wao hawakusoma vizuri. Pengine mwandishi ameficha sababu ili aifichue baadaye kwa mbinu rejeshi, na tunaitafuta. Na pengine sababu haipo kabisa. Mwaka uliopita kundi moja liling'ang'ania kwamba tukio fulani halikuwa na chanzo chochote, wakalitafuta kitabu kizima kwa siku mbili, wakirejea kwangu na namba za kurasa. Hawakuwa wameambiwa kwamba hilo ni swali la mtihani, na kweli halikuwa.