Mlango wa Hukumu Tusioufikia

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Vijana wetu wa Kingerikiti hutuuliza juu ya Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, kilichoanzishwa mwaka 1998, ambacho kitivo chake kinasomesha sheria ya nchi pamoja na sharia. Tunawahimiza waende. Lakini tuna neno juu ya usomaji wa jinai, na lawama ya kwanza ni yetu masheikh.

Katika Matni ya Abu Shujaa, jinayati na hududi zimetangulia, na kitabu cha akdhia na ushahidi kiko karibu na mwisho, kabla ya kuacha huru watumwa. Wanafunzi wengi huondoka madrasa kabla ya kufika huko. Basi wamejua adhabu bila kujua inathibitishwaje. Ndiyo maana wasikilizaji wa darsa hudhani fiqhi ya jinai ni panga tu.

Tuchukue gunia la kahawa. Iliyoko mtini bila mlinzi haiko katika hirzi. Iliyo kwenye chanja uani hutazamwa kwa ada ya mahali. Thamani isipofika robo dinari, hapana hadi. Kisha watakiwa mashahidi wawili waadilifu, au ikrari. Na aliyekiri akirejea nyuma, hadi huanguka, ila mali ya mwenyewe hubaki juu yake.

Mwanafunzi huyo akifika Tunguu atasoma kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, 1967. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki haikusema kwamba ungamo lililokanwa litupwe. Ilimtaka hakimu awe na hadhari, kwa kawaida atafute ushahidi mwingine, lakini aweza kutia hatiani akiridhika kuwa ni kweli. Hapa pana tofauti, na hatupendi ifunikwe kwa maneno ya "yote ni sawa". Wala asikimbilie kusema hii ni dhulma, kwani kurejea kunafaa katika haki ya Allah, si katika haki ya mja. Swali la kumpa kichwa kuuma ni hili: kifungo cha jela kiko karibu na hadi, au na taaziri?

Tunachelea swali hilo haliulizwi. Kadhi wa Zanzibar hukumu zake ni za ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, na huku bara hakuna kadhi wa serikali. Hivyo fiqhi ya jinai huonekana ni ya mtihani tu. Ilhali mtu wetu akishitakiwa kwa wizi hufikishwa Mahakama ya Mwanzo. Akiwa alikiri mbele ya mgambo, mikono imefungwa kamba, baba yake hutujia msikitini. Ikrari ya aliyelazimishwa ni batili kwa fiqhi, na sheria ya nchi nayo haiikubali. Nani amweleze mzee huyo, naye anatetemeka?

Sisi hapa tumeamua kusomesha akdhia kwanza, hududi baadaye. Mwenye hoja ya kupinga mpangilio huu atuandikie.

Wabillahi taufiki.