Kikonyo Moyoni

Uvimbe unaoanzia moyoni ni nadra kiasi kwamba tabibu anaweza kustaafu asikutane nao. Ule unaoongoza kwa watu wazima, miksoma, si saratani, na mgonjwa akisikia hivyo hushusha pumzi. Mapema mno. Miksoma nyingi huning'inia kwa kikonyo katika chumba cha juu cha kushoto, zikiyumba kwa kila pigo la moyo. Damu ikiteremka, nazo huteremka na kuziba njia ya vali. Kipande kikimeguka hupanda na damu hadi kwenye ubongo, na kijana asiye na presha wala kisukari akaamka mdomo umepinda.

Kuutambua kunataka sikio lenye shaka. Mgonjwa anahema, anakonda, homa zinamjia na kuondoka. Kifuani husikika mlio kama wa vali iliyosinyaa kwa homa ya rumatiki, maradhi ambayo kliniki za Afrika Mashariki zinayajua sana, na hapo ndipo mtu huteleza. Ninamvulia kofia daktari anayeuliza, "Ukigeuka ubavu wa pili, unapata nafuu?" Vali iliyokakamaa haijali umelalaje, uvimbe wenye kikonyo huhama.

Siku hizi kipimo cha eko hukata shauri kwa dakika chache. Chimbuko lake ni Lund, Sweden, mwaka 1953, Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoazima mashine ya mawimbi ya sauti kutoka kiwanda cha meli. Ilikuwa ya kukagulia nyufa za chuma! Mwaka uliofuata, mjini Stockholm, Clarence Crafoord akawa wa kwanza kuutoa uvimbe huu kwa mafanikio, mashine ya moyo na mapafu ikimhemea mgonjwa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi mpasuaji anavyojizuia. Miksoma ni laini, rojorojo, hubomoka kwa kuguswa tu. Basi kabla mshipa mkuu haujabanwa na moyo kusimamishwa, haminyi moyo wala haugeuzi. Kisha hafuati uvimbe, hufuata shina: hukata kikonyo pamoja na sehemu ya ukuta kilipoota, uvimbe utoke mzima, kisha hukisuuza chumba na kuziba tundu, mara nyingi kwa kiraka cha utando wa moyo wa mgonjwa mwenyewe. Eko zitaendelea kwa miaka, kwani miksoma chache hurudi, hasa zile za kurithi.