Barua Zisizopelekwa: Kuisoma Gravel Heart Tukiwa Peckham

Kutoka Peckham hadi Camberwell ni safari fupi ya basi nambari 36, na mwenye miguu mizima huenda kwa miguu. Tunaanza na masafa haya kwa sababu riwaya tunayoizungumza, Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2017, inamweka kijana wake wa Kizanzibari katika nyumba moja ya Camberwell. Sisi tumeisoma Peckham, kwa jamaa zetu wanaokaa karibu na Rye Lane, mtaa wa maduka ambako muhogo na ndizi mbichi havikosekani.

Aliyetupa kitabu ni binti wa nyumba hiyo. Mchana yuko kazini dukani, na jioni huenda kukaa katika maktaba ya Peckham, lile jengo la rangi lililofunguliwa mwaka 2000, akaandika hadithi. Alikuwa ametuuliza kama inajuzu kuandika mambo ya mwaka 1964 ambayo bibi yake ameyanyamazia umri wote. Tulimjibu kwa haraka ya mtu aliyezoea nyaraka: ya ndani yaache ndani, andika lililothibiti. Hakutubishia. Alituletea kitabu tu, akatuambia tukakisome. Makala haya ni jibu letu la pili.

Salim, msimulizi wa riwaya, amekulia Unguja katika nyumba ambayo baba ameihama na hakuna anayesema kwa nini. Baba huyo, Masud, anaishi chumba cha nyuma ya duka la mtu, na mkewe Saida humpelekea chakula. Mjomba Amir, aliyepanda cheo hadi ubalozini, anamleta kijana London asome biashara. Salim anaanguka mitihani, anakosana na mjomba wake, na ndipo anapohamia Camberwell kwa Mzee Mgeni, katika nyumba ya vijana wa Kiafrika ambayo wenyewe wanaiita OAU. Huko ndiko anakoiacha biashara na kuingia katika fasihi. Jina la mwenye nyumba halikuwekwa bure, kwani anayewapokea wageni ni Mgeni mwenyewe.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kuwa ni kisa cha uhamiaji. Sisi tunaona pia kuwa ni kisa cha mtu anayejifunza kuandika bila ya kujua kuwa anajifunza. Skuli yake ni barua. Kwa mama yake anapeleka khabari njema, naye mzima na masomo yanakwenda. Zile za kweli, za upweke na aibu, anaziandika katika daftari na hazipeleki. Humo ndimo sauti yake inamokomaa, kwa sababu hamwogopi msomaji.

Gurnah mwenyewe alizaliwa Unguja mwaka 1948, akafika Uingereza katika miaka ya mwisho ya 1960, na riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ikatoka mwaka 1987. Katika hotuba yake ya tuzo ya Nobel, mwaka 2021, alitofautisha uandishi wa raha wa skuli na ule uliomjia baadaye ugenini kwa kukumbuka kwao. Daftari la Salim linatuonyesha huo wa pili ulivyo.

Sasa tuje kwenye chimbuko la kitabu. Jina lake limetolewa katika Measure for Measure ya Shakespeare. Sisi tuliopita chuoni kwa mwalimu kisha skuli kwa Waingereza tuliwasoma watu wa Shakespeare kama majirani, na mchezo huo una swali ambalo Unguja ya baada ya 1964 ililijua: mwenye mamlaka anamtaka dada ajitoe ili ndugu yake anusurike. Kwa Shakespeare, Isabella anakataa, na hila ya mwanamke mwengine kuwekwa mahali pake inamwokoa. Kwa Gurnah hakuna hila. Amir amefungwa, mkubwa mmoja wa serikali anamtaka Saida, na Saida anakubali. Hapo ndipo Masud alipovunjika. Kwa kulibadilisha jibu hilo moja, Gurnah ameuchukua mchezo wa Kiingereza akaufanya mashtaka ya kwetu, na huu ndio ustadi mkubwa wa kitabu.

Lakini hapo hapo pana upungufu wake. Salim anarudi Unguja baada ya mama yake kufariki, na kisa chote cha Saida tunakisikia kwa kinywa cha Masud. Aliyebeba mzigo hapewi fursa ya kuusimulia. Mwandishi aliyempa kijana wake daftari zima angeweza kumpa mama huyo japo barua moja. Tunalisema hili tukijua kuwa nasi tumo katika kosa hilo. Katika miaka yetu ya utafiti tumewanukuu mabalozi, mahakimu na wafanyabiashara, na mama zetu tumewaandika kwa majina ya waume zao.

Tena kuna jambo lililotuuma zaidi. Mama yetu alipofariki, tulizikuta ndani ya sanduku lake barua tulizompelekea kutoka London, zimefungwa kwa uzi kwa taratibu za miaka. Tulizisoma zote. Ndani yake mna salamu na baada ya salamu, mna baridi, mna masomo. Hamna milango tuliyofungiwa tulipotafuta chumba, wala usiku tuliolala na makoti, wala khofu ya kuwa barua itafunguliwa na wasioandikiwa. Mtafiti akizikuta kesho ataandika kuwa wanafunzi wa Kizanzibari hawakuwa na shida, na ushahidi anao, kwa khati yetu wenyewe.

Kwa hivyo tumeiondoa ile kauli kwamba riwaya si ushahidi. Kweli, haithibitishi tukio. Inachotufunza ni kuusoma ushahidi tulionao, tujue kuwa katika barua ya mtoto mwema kwa mama yake, kilichoachwa ndicho khabari. Mwenye barua za wazee asizitupe, na anayezisoma asiziamini upesi.

Tangu 2022 msomaji wa Kiswahili anayo Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota. Ni furaha kuwa Gurnah ameanza kurudi katika lugha ya mama zake. Lakini hawezi yeye peke yake kuwasimulia mama wote.

Binti wa Peckham tumemwambia aandike. Bibi yake yu hai, yupo Maskati, na masikio yake mazima. Basi akate tiketi kabla ya kuanza sura ya pili, akae naye, amuulize. Bibi akikataa kusema, aukubali ukimya wake na auandike kuwa ni ukimya. Akisema, asikilize hadi mwisho. Salim alipolikuta jibu lake, mama hakuwapo tena wa kumpelekea daftari.