Pongezi kwa Kichekesho na kwa King Majuto

Kichekesho, yaani igizo fupi la kuchekesha ambalo waigizaji hulijenga papo hapo jukwaani juu ya kisa walichokubaliana bila mswada, ndicho kilichomlea Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kufahamika kwa jina la King Majuto. Katika maonyesho mseto, ambayo vikundi kama Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre viliyapanga kwa kuunganisha ngoma, sarakasi, taarabu na maigizo, mchekeshaji alilazimika kuushika umati uliokuwa tayari kumzomea, na hapo ndipo hujengeka ustadi wa kupima kimya na kicheko, ambao hakuna darasa linaloutoa kwa urahisi.

Filamu za video ziliposhamiri, Majuto aliuhamishia ustadi huo kwenye kamera, akabobea katika mtu wa aina moja, mzee mjanja mwenye tamaa, na kumpa sura mpya kila mara. Kanda na diski ziliweza kufika mbali kuliko jukwaa, hata Kilosa iliyo kando ya Reli ya Kati na Mikumi iliyo kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Majuto, aliyefariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, anastahili kuhesabiwa miongoni mwa walimu wakuu wa uigizaji nchini Tanzania.